Kanda ya Marudio

"Hivi, Mama Madaftari, hao watu wako wa redioni huwa unawaokota wapi?"

Jirani yangu muuza mkaa ndiye aliyeniuliza hivyo, nikiwa naanua nguo. Ni miaka saba sasa. Alikuwa ameegemea uzio, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, anajichekea.

"Kichwani," nikamjibu.

"Kichwa gani hicho chenye watu wengi kuliko soko?"

Tukacheka wote wawili. Nilikuwa nimetoka kusali muda si mrefu, mkeka wenyewe ulikuwa bado haujakunjwa, na papo hapo uzioni nikasema uongo. Leo ndipo ninapoona kuwa mambo yangu yote yalianzia kwenye jibu lile.

Aliyeianza simulizi hii wiki hii, akanikuta njiani, nimpe kiti kwanza.

Mimi ni mjane. Shule niliishia darasa la saba. Sikujaliwa mtoto. Mume wangu alipofariki, wifi yangu alikuja kukaa nami pamoja na binti yake, wakati huo ana miaka kumi. Wifi alikuwa ameachika huko mji mwingine, na kwao walizaliwa wawili tu, yeye na yule tuliyekuwa tumemzika. Anashona foronya za mito kwenye baraza la mafundi cherehani, ndiyo sababu mtaa mzima unamwita Mama Foronya.

Mimi nilikuwa napinda mapindo ya nguo za watu. Jioni nikaanza kuandika barua kwenye kipindi cha akina mama redioni. Barua zikawa visa, visa vikawa mchezo wa kila Jumamosi saa kumi na moja jioni. Mwaka wa tisa huu.

Wiki mbili zilizopita nilieleza jinsi wifi alivyougua akadhani anakufa. Alinishika mkono akaniambia, "Wifi, huyu mtoto sikumzaa. Nikifa usimtupe." Nikaapa sitamtupa, na nikaapa sitasema. Wifi akapona. Mwaka ukapita, nikaishiwa na cha kuandika, na mchezo hauna huruma, kila Jumamosi unataka kula. Nikaichukua ile siri nikaulisha. Mshona foronya nikamgeuza muuza ndoo, nikajiambia hakuna atakayejua.

Kuna baya kuliko hilo. Sehemu ya binti wa muuza ndoo, yule asiyejua kuwa mama yake si mama yake, nilimpa binti yetu aisome. Ana sauti ya kumfanya mtu aache anachofanya. Nilimtia mtoto kinywani maneno ya maisha yake mwenyewe, naye akayasema vizuri kuliko waigizaji wote, kwa kuwa hakuyajua.

Wifi alisikiliza vipindi vitatu akiwa kimya. Cha nne kilipokwisha alizima redio mwenyewe.

"Wifi," akasema, "mtoto asije akajua kwa redio."

"Hatajua."

"Sikukatazi kuandika. Nakuomba hilo moja tu."

"Hatajua, wifi."

Huo ndio mzigo niliokubali kuubeba. Sasa nieleze nilivyouangusha.

Mimi siwezi kumwandika mtu nisiyemsikia. Nikiandika jina la kubuni kwenye daftari, yule mtu ananinunia, hasemi kitu. Nikiandika jina la mtu ninayemjua, anaanza kusema mwenyewe, nami kazi yangu ni kumkimbilia na kalamu. Kwa hiyo daftarini mwangu hapakuwa na muuza ndoo. Palikuwa na Mama Foronya, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Ndani ya jalada nilibandika karatasi. Kushoto majina ya mtaani, kulia majina ya mchezoni. Mchapaji akichapa, anabadilisha.

Mchapaji wetu wa siku zote, tuliyemwita Bibi Mashine, hata hiyo karatasi hakuihitaji. Alikuwa anabadilisha huku anapiga soga. Na kila Jumatano saa tisa nilikwenda kupitia kazi pamoja naye kabla waigizaji hawajagawiwa, mimi nasoma daftari, yeye anafuata kwa kidole. Miaka yote hiyo halikutuponyoka jina hata moja.

Mwezi ule Bibi Mashine akalazwa kutolewa mtoto wa jicho. Akaletwa mchapaji wa muda, dada mmoja mwenye vidole vya mbio na kazi mbili mbele yake na mbili nyuma.

Nikamwonyesha karatasi ya jalada.

"Nimeona, mama."

"Yote ya kushoto usiyaandike."

"Nimeona, mama," akasema tena, macho hayajainuka.

Nikajiambia, si neno, Jumatano nitapitia mwenyewe.

Jumatano hiyo hiyo televisheni wakaniita.

Nieleze kitu kimoja, mnielewe tu, kunisamehe ni hiari yenu. Kwa miaka tisa mchezo wangu ulifungwa kwa maneno yale yale: mmesikiliza mchezo kutoka idara ya michezo ya kuigiza. Niliwahi kumuuliza mtayarishaji, kwa adabu zote, kama jina la mwandishi haliwezi kutajwa.

"Jina linakula sekunde nne, mama."

"Mbona waigizaji kumi na mmoja mnawataja?"

"Wale wana sauti. Wewe una mwandiko."

Watu wote chumbani walicheka. Nami nikacheka, mtu akichekwa peke yake anaonekana mjinga.

Sasa huko televisheni nilikutana na mwanamke mkuu wa vipindi, ana miwani mikubwa kama madirisha. Nilimpa jina la Bibi Miwani moyoni mwangu nikiwa bado sijakaa. Alinipa kiti laini mpaka nikazama. Akaniambia wanautaka mchezo wangu, wauonyeshe kwa picha, kila wiki.

"Na jina lako litakaa hapa," akasema, akigusa kioo cha televisheni iliyozimwa kwa ncha ya kalamu. "Mwanzo kabisa. Herufi kubwa."

"Pamoja na ya waigizaji?"

"Peke yake."

Mume wangu alishushwa kaburini nikiwa nimesimama wima. Siku ile, kwa kioo kitupu, nilishikilia kiti nisianguke ingawa nilikuwa nimekaa.

"Swali moja tu," akasema Bibi Miwani. "Watazamaji wetu hupenda kujua. Hiki kisa cha muuza ndoo umekitunga au kimetokea?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kamili. Niliiona. Nilijua mchapaji wa muda sasa hivi anazibana karatasi, na mimi sipo. Ningeweza kuinuka. Ningeweza kusema nimetunga, nikashukuru, nikaondoka.

"Kimetokea," nikasema.

"Kwa mtu unayemfahamu?"

"Wa karibu."

Akaandika. "Jina hutaki kutaja?"

"Hapana."

"Hata hivyo inatosha. Na yule binti mwenye sauti, mlete Jumatatu saa nne asubuhi, tumjaribu kwenye kamera."

Nilitoka pale nimevimba kichwa, sikupita redioni, nikaenda moja kwa moja nyumbani kutoa habari. Binti yetu alikuwa anaosha vyombo. Alisimama na sufuria mkononi, povu linamtiririka mpaka miguuni.

"Mkazamjomba, unanitania."

Ndivyo alivyokuwa akiniita mimi mke wa mjomba wake, mkazamjomba, kwa urefu wake wote. Watoto wa siku hizi huliona jina refu, yeye hakulikata hata siku moja.

"Sikutanii. Jumatatu."

"Mama, umesikia? Nitaonekana nchi nzima."

"Na hivyo vyombo vinakuona?" wifi akamuuliza kutoka ndani. "Maana vina siku mbili vinakutafuta."

Tulicheka jioni ile. Najilazimisha kukumbuka kuwa tulicheka.

Ijumaa nikapita redioni kuchukua nakala yangu. Nikaisoma nimesimama kwenye korido. Mchapaji wa muda alikuwa amebadilisha vizuri, muuza ndoo hapa, muuza ndoo pale, nikaanza kumwombea heri dada wa watu. Nikafika ukurasa wa tisa. Ni mkunga mzee anayekiri peke yake, na sentensi yake ilisomeka hivi: "Mama Foronya hakuzaa. Mimi ndiye niliyemkabidhi kile kichanga, kimefungwa kwa shuka."

Nilisoma mara tatu.

Nikamwendea mtayarishaji.

"Mmekwisha kurekodi?"

"Jana. Mkunga amefanya kazi nzuri, umshukuru."

"Binti yangu alikuwepo?"

"Afanye nini? Yule ana kurasa zake, mkunga ana zake. Karatasi zenyewe unajua tunavyozigawa kama dawa."

Hapo nilivuta pumzi. Kila mwigizaji hupewa kurasa zake tu, anakuja saa yake, anasema, anaondoka. Binti hakulisikia lile jina. Bado.

"Kuna jina litoke," nikasema. "Ukurasa wa tisa."

Akatazama. "Hili? Mbona zuri. Nilidhani umeamua kumbadilisha muuza ndoo jina."

"Litoke. Nakuomba."

"Mama, miaka tisa hujawahi kuniomba nikate kitu. Huwa unaniomba nisikate."

"Leo nakuomba."

Akanyoosha kidole kuelekea kwa fundi mitambo, akarudi kwenye simu yake.

Fundi mitambo wetu ni mzee wa maneno machache, ana kijiti cha meno mdomoni tangu nimfahamu. Aliizungusha kanda mbele na nyuma kwa mkono, sauti ya mkunga ikawa inanguruma kama ng'ombe mgonjwa, mpaka akalifikia lile jina. Akalitia alama kwa penseli.

"Nikate sentensi yote au jina?"

"Jina tu."

Akachukua wembe, akakata mara mbili, akaunganisha kwa gundi ya karatasi. Kipande kilichobaki, kirefu kama kidole, akaniwekea kiganjani.

"Chukua mtu wako."

Nilikitia jikoni kwenye moto nilipofika nyumbani. Kilijikunja, kikanuka, kikaisha. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, na kwa ujinga wangu nikadhani tumeelewana.

Jumamosi tulikaa watatu mbele ya redio. Mkunga akakohoa, akasema, "...hakuzaa. Mimi ndiye niliyemkabidhi kile kichanga." Palikuwa na kikwazo kidogo tu, kama mtu aliyemeza mate. Binti alikuwa anang'ata kucha. Wifi alikuwa amekunja mikono, ananitazama mimi, redio haitazami. Nikamwinamishia kichwa kidogo. Akanijibu vivyo hivyo.

Sasa nifike Jumatatu.

Mchezo wangu una marudio, Jumatatu saa nne asubuhi. Najua una marudio, kila mtu anajua, hutangazwa kila wiki. Lakini miaka yote tisa sikuwahi kuyasikia. Saa hiyo huwa niko kwenye sala ya akina mama, na redio yetu imezimwa nyumbani. Kitu usichokisikia unakisahau. Fundi mitambo alikata kanda niliyomwomba aikate. Ya marudio hunakiliwa siku ile ile ya kurekodi, hutiwa kabati lingine, na mimi sikumuuliza kanda ziko ngapi.

Asubuhi ile sala nayo niliiacha. Niliwaambia wenzangu nina udhuru.

Kule televisheni tulipelekwa kwenye chumba cha kupambia. Kioo kirefu, taa kukizunguka, meza imejaa makopo ya poda. Mpambaji alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, anatafuna ubani, mdomo wake haupumziki.

"Ngozi kama hii, mwanangu, wameniletea nifanye nini? Mimi leo naiba mshahara."

Binti akacheka. Alikuwa amefungwa taulo mabegani. Mpambaji akaanza na shavu la kushoto.

Kwenye dirisha palikuwa na redio ndogo, inasemasema chini chini. Ukalia ule wimbo wa kufungulia mchezo wangu.

"Ngoja niongeze sauti," akasema mpambaji. "Mchezo wangu huu. Jumamosi huwa niko kazini, nategemea marudio."

"Nitasema mimi hapo, muda si mrefu," binti akamwambia.

"Wewe? Acha uongo."

"Ndiye mimi, binti wa muuza ndoo. Na huyu ndiye mwandishi."

Mpambaji akageuka na brashi yake, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mama, huyo muuza ndoo umemtesa sana. Mpumzishe."

Nikatabasamu. Nilikuwa sina wasiwasi wowote, hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni naiwazia herufi kubwa kwenye kioo. Binti akasema sehemu yake redioni, na huku kwenye kiti akawa anajifuatisha kwa midomo. Halafu mkunga akakohoa.

Nilipokisikia kikohozi kile ndipo nilipofahamu. Kanda hii haikupita kwenye wembe.

Nilinyoosha mkono. Kati yangu na dirisha palikuwa na kiti, palikuwa na mpambaji, palikuwa na meza ya makopo.

"Mama Foronya hakuzaa," mkunga akasema. "Mimi ndiye niliyemkabidhi kile kichanga, kimefungwa kwa shuka."

"Mama Foronya," mpambaji akacheka. "Jamani, majina mengine."

Binti hakucheka. Alinitazama kwa kupitia kwenye kioo, shavu moja jeupe kwa poda, jingine rangi yake.

"Mkazamjomba."

"Naam, mwanangu."

"Huyo anayesemwa ni muuza ndoo."

"Ndiye."

"Mbona ameitwa jina la mama?"

"Mchapaji alikosea."

"Mchapaji anamjua mama?"

"Hamjui."

"Basi hilo jina lilikuwa kwenye daftari."

Ningeweza kumwambia natumia majina ya watu wote wa mtaani, na ingekuwa kweli, na ingekuwa uongo vilevile. Nilikuwa naitafuta sentensi hiyo mlango ulipofunguliwa nyuma yangu. Bibi Miwani.

"Ndiye huyu? Safi sana. Binti, wewe una bahati, nikwambie. Kisa kilichotokea kweli si kila mwigizaji anakipata. Mama hapa ametuambia ni mtu wake wa karibu kabisa."

Mpambaji peke yake ndiye aliyeona kuna jambo. Akapunguza redio.

Binti alifungua taulo, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti.

"Samahani, mama," akamwambia mpambaji. "Leo sitaweza."

Tulirudi kwa miguu. Alitembea mbele, mimi nyuma, hatua kumi, hatua kumi na tano, na kila nilipoongeza mwendo naye aliongeza. Watu walimtazama lile shavu. Mimi nilitazama visigino vyake. Nilijaribu kusali, yakaja maneno ya mkunga.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Wifi alikuwa amekaa mezani, saa tano hiyo, saa ambayo hajawahi kuonekana nyumbani siku ya kazi. Subana ya kushonea ilikuwa bado kidoleni. Baraza la mafundi lina redio mbili, na siku zote zote mbili huwa wazi. Sikuhitaji kuuliza.

Binti alisimama mbele yake.

"Mama, mimi ni wa nani?"

Wifi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Nilikuomba kitu kimoja, wifi."

"Uliniomba."

"Kimoja tu."

"Nilikata kanda, wifi. Ijumaa nilikwenda mwenyewe, fundi akachukua..."

"Habari za kanda sizitaki."

Alisema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Afadhali angenitukana. Amekaa nami miaka tisa, tumegombana juu ya chumvi, juu ya mafuta ya taa, juu ya nani alisahau kufunga mlango wa uani, na sijawahi kumsikia amechoka namna ile.

"Kaa," akamwambia binti.

"Nitasimama."

"Haya, simama. Sikukuzaa. Redio haikusema uongo."

Nilidhani binti ataanguka. Hakuanguka. Alishika mgongo wa kiti.

"Kwa hiyo uliniokota."

"Sikukuokota. Mtu haokoti damu yake."

"Damu yako vipi, na hukunizaa?"

Wifi aliuzungusha ule mfuniko wa kidole, akauzungusha tena.

"Sikutaka kuyasema haya huyu akiwa amesimama hapa," akasema, nami nikajua huyu ni mimi. "Nilitaka aende kaburini hajui. Lakini kama amefungua mlango kwa mkono wake, basi na aingie. Mwanangu, mimi si mama yako. Wala si mtu baki. Mimi ni shangazi yako."

Shangazi ni dada wa baba. Hilo nalijua tangu sijajua kusoma. Kwao walizaliwa wawili. Nilihesabu taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza anayehesabu kwa vijiti, ingawa watu wa kuhesabiwa walikuwa wawili tu na mmoja ndiye aliyekuwa anasema.

"Wifi," nikasema.

"Ndugu yangu alikuwa mmoja," akasema. "Unataka nimtaje kwa jina?"

Binti yetu ana miaka kumi na tisa. Mwaka aliozaliwa, mimi nilikuwa na miaka minne kwenye ndoa, na nilikuwa nafunga siku moja kila wiki, naomba mtoto. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinichemshia maji ya kufungulia. Ananiletea kikombe, anakaa kando yangu mpaka nimalize, anasema Mungu anasikia, mke wangu, usichoke.

"Alijua?" binti akauliza, akininyooshea mkono bila kunitazama. "Huyu alijua kuwa mjomba ndiye baba yangu?"

"Hakujua. Mimi nilimwambia nusu, naye akaiandika hiyo nusu."

"Miaka tisa, wifi," nikasema. "Sahani moja."

"Ulidhani nilikuja kwako kwa kukosa pa kulala? Nilikuwa na pa kulala. Nilitaka mtoto akulie chini ya paa la baba yake, hata kama baba mwenyewe hayupo. Na nilitaka akulie mkononi mwako. Sikuona mwingine wa kumfaa." Akapumua. "Sasa sijui."

Nilitafuta kiti, nikakaa. Mimi ambaye kila wiki nawatilia watu kumi na mmoja maneno mdomoni, sikuwa na hata moja la kwangu.

Binti alizunguka meza akasimama karibu na wifi, karibu kabisa, poda ya shavu imeanza kupasuka alipokuwa akijizuia.

"Na aliyenizaa?"

Wifi alitazama mlango.

"Mama. Aliyenizaa yuko wapi? Kwenye mchezo alikufa. Wa kwangu naye amekufa?"

Kwenye mchezo nilimuua mwenyewe, kipindi cha sita, kwa kuwa sikuwa na la kumfanyia. Nilimtazama wifi kwa hamu kama msikilizaji yeyote.

"Yu hai," wifi akasema.

"Ni nani?"

"Mkazamjomba wako anamjua. Tena anamjua vizuri."

"Mimi?" nikasema. "Wifi, nani? Mimi namjua nani?"

Alivua subana, akaiweka mezani. Akachukua mtandio wake kwenye msumari, akajifunga, akavaa viatu, akapita katikati yetu, akatoka.